Pesa za nje, kesi za kwetu: mambo ya kujua kuhusu ufadhili wa mashirika ya haki za binadamu

Kila shirika la haki za binadamu linapopeleka kesi mahakamani hapa Pwani, barazani huanza swali moja kabla ya mengine yote: pesa ni za nani? Wengine huliuliza kwa kutaka kujua. Wengine huliuliza ili kufunga mazungumzo, kwa kuwa likishatajwa neno "wafadhili wa nje", hakuna tena anayeuliza kama wavuvi walilipwa au kama watoto walipimwa damu.

Mimi naliona swali lenyewe kuwa ni halali. Anayesema kwa niaba yangu nina haki ya kujua nani anamwezesha. Ila jibu lake lina mambo mengi, na mengi ya mambo hayo yako wazi kwa yeyote anayetaka kuyafuata. Katika makala haya nataka kueleza pesa hizo hutoka wapi, hufanya kazi gani, sheria ya Kenya yasema nini, na ni wapi sisi wenyewe twaweza kudai hesabu. Msimamo wangu nautaja mapema ili msomaji anipime nao: pesa kutoka nje si kosa, kosa ni pesa isiyo na hesabu. Na hesabu hiyo yafaa itolewe kwanza kwa wale ambao shirika linasema linawatetea, kabla ya kutolewa kwa aliyetuma hundi.

Kwa nini kesi ya haki hugharimu

Katiba ya 2010 ilifungua mlango mkubwa. Kifungu cha 22 kinampa kila mtu haki ya kwenda mahakamani iwapo haki iliyo katika Katiba imevunjwa, na si lazima awe yeye aliyedhulumiwa. Anaweza kwenda kwa niaba ya mtu asiyeweza kujisemea, kwa niaba ya kundi, au kwa manufaa ya umma. Kifungu hicho pia kinasema kusiwe na ada ya kufungua kesi ya aina hiyo. Kifungu cha 70 kinafanya vivyo hivyo kwa haki ya mazingira safi.

Lakini kufungua kesi ni jambo moja na kuishinda ni jambo jingine. Tuchukue kesi ya Owino Uhuru, mtaa wa wanyonge ulio karibu na Mikindani, Mombasa. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu ili kutoa madini ya risasi kilifanya kazi ubavuni mwa nyumba za watu tangu 2007 hadi kilipofungwa 2014. Watoto waliugua, wanawake waliharibikiwa na mimba. Ili hakimu aridhike, haitoshi mama kusimama na kusema mwanawe amedhoofika. Damu lazima ipimwe kwenye maabara inayokubalika. Udongo lazima upimwe. Lazima apatikane mtaalamu wa kueleza sumu hiyo huingiaje mwilini na hukaa muda gani. Lazima hati za kiapo ziandikwe, mashahidi wasafirishwe, na wakili asome maelfu ya kurasa.

Kesi hiyo ilifunguliwa 2016 na shirika la Center for Justice, Governance and Environmental Action, lililoanzishwa na Phyllis Omido, mama aliyewahi kuajiriwa na kiwanda chenyewe. Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufaa ikaiondoa fidia hiyo. Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Yahesabu mwenyewe: miaka minane, mahakama tatu, wakazi wapatao 3,000. Mkono mtupu haulambwi, na wakili naye ana nyumba na watoto. Ni mkazi gani wa Owino Uhuru angelipa gharama hizo kutoka mfukoni?

Mtu atasema: si wakili angengoja alipwe baada ya kushinda? Huko Uingereza yawezekana, wakili huchukua kesi kwa makubaliano kwamba akishindwa hapati kitu. Hapa Kenya, Sheria ya Mawakili, kifungu cha 46, inabatilisha mapatano ya wakili kulipwa iwapo tu kesi itashinda. Serikali nayo ilipitisha Sheria ya Msaada wa Kisheria mwaka 2016 ili maskini wapate mawakili, na idara yake ipo, lakini kesi nzito dhidi ya serikali yenyewe haziwezi kuitegemea peke yake. Pengo hilo ndilo linalojazwa na pesa za nje. Kabla ya kulaumu anayelijaza, yafaa tujue pengo lenyewe liko wapi.

Pesa hutoka wapi

Watu huzungumza juu ya "wafadhili" kana kwamba ni mtu mmoja mwenye mkoba. Ukweli ni kwamba kuna mikondo minne, na kila mmoja una tabia yake.

Mkondo wa kwanza ni serikali za nje: balozi, Umoja wa Ulaya, na idara za misaada kama ilivyokuwa USAID ya Marekani. Hizi hutoa pesa kwa miradi yenye muda maalumu na malengo yaliyoandikwa. Kwa kuwa ni pesa za walipakodi wao, huja na masharti mengi, na hubadilika serikali zao zinapobadilika.

Mkondo wa pili ni wakfu za watu binafsi, kama Ford Foundation na Open Society Foundations. Chanzo chake ni mali ya matajiri waliokwisha kuitenga. Hizi huwa na uhuru zaidi wa kusaidia kesi zinazozikera serikali, lakini nazo zina bodi zao na vipaumbele vyao.

Mkondo wa tatu si pesa taslimu. Ni mashirika makubwa ya kimataifa yanayoleta mawakili, wataalamu na uzoefu. Minority Rights Group ya London ni mfano. Shirika la hapa huleta watu na ushahidi, lile la kule huleta ujuzi wa mahakama za kimataifa.

Mkondo wa nne ni mawakili wa nje wanaofanya biashara halali ya kesi: wakishinda hulipwa na upande ulioshindwa. Hawa si wafadhili, na si vyema kuwaweka chungu kimoja na wengine.

Kuna mkondo wa tano, nao ni sisi: ada za wanachama, michango, harambee. Huu ndio mwembamba kuliko yote, na nitaurudia.

Kesi zilizovuka mpaka

Watu wengi wakisikia kesi ya kimataifa hufikiria Mahakama ya Jinai ya The Hague pekee. Wakenya wameingia milango mingine mingi, na karibu kila mara kulikuwa na mkono wa shirika la haki na pesa za nje.

Maarufu zaidi ni ile ya wazee wa Mau Mau. Mwaka 2009 wazee walioteswa katika kambi za wakoloni miaka ya 1950 waliishtaki serikali ya Uingereza kwenye Mahakama Kuu ya London. Tume ya Haki za Binadamu ya Kenya, KHRC, ambayo ni shirika lisilo la serikali, ilikusanya ushahidi, na mawakili wa Leigh Day wakaipeleka kesi. Oktoba 2012 jaji aliamua kwamba kesi inaweza kuendelea ingawa miaka hamsini ilikuwa imepita. Juni 2013 serikali ya Uingereza ilitangaza kwamba inasikitika, na ikakubali kulipa pauni milioni 19.9, gharama za kesi zikiwamo, kwa walalamishi 5,228. Hapo jiulize: kama tungesema Mwafrika asiguse msaada wa Mzungu, wazee hao wangemshtaki Mwingereza kwa njia gani?

Lakini si kila aliyefuata njia hiyo alifika. Kundi jingine la Wakenya zaidi ya 40,000 lilipeleka kesi ya namna hiyo kupitia mawakili wengine, na mwaka 2018 ikatupwa, hasa kwa sababu ya kuchelewa. Waliojiandikisha walibaki na vikaratasi. Kwa hivyo, kuwa na wakili wa ng'ambo si dhamana ya kushinda.

Barani Afrika kuna milango mitatu yafaa tuijue.

Wa kwanza ni Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na za Watu, iliyoko Banjul, Gambia. Waendorois waliofukuzwa pambizoni mwa Ziwa Bogoria miaka ya 1970 ili pawe hifadhi ya wanyama walipeleka shauri lao huko 2003. Shirika la Kenya la CEMIRIDE lilishirikiana na Minority Rights Group, na uamuzi uliowapa haki ukapitishwa na Umoja wa Afrika 2010. Pamoja nayo ipo kamati ya Afrika ya haki za mtoto, ambayo mwaka 2011 iliamua kwamba Kenya iliwakosea watoto wa Kinubi kwa kuwaacha bila uhakika wa uraia. Kesi hiyo ililetwa na shirika la Banjul pamoja na Open Society Justice Initiative. Kwetu Pwani, ambako kijana huambiwa alete hati za babu yake ndipo apate kipande, uamuzi huo si wa Wanubi peke yao.

Wa pili ni Mahakama ya Afrika iliyoko Arusha. Mei 2017 iliamua kwamba Kenya ilivunja haki za Waogiek kwa kuwafukuza msitu wa Mau, na Juni 2022 ikaamuru walipwe fidia ya shilingi milioni 157.85. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba Mkenya au shirika la Kenya haliwezi kuipeleka serikali moja kwa moja kwenye mahakama hiyo, kwa kuwa Kenya haijaweka tamko la kuruhusu hivyo. Waogiek walipitia kwanza Banjul, na Tume ndiyo iliyoipeleka kesi Arusha.

Wa tatu ni Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki, ambayo makao yake pia ni Arusha. Hapa mkazi yeyote wa nchi mwanachama anaweza kushtaki, ila ana miezi miwili tu tangu jambo litendeke au alijue. Muda huo mfupi huua kesi nyingi. Mashirika ya Kenya, Uganda na Tanzania yaliyopinga bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima hadi Tanga yalitupiwa kesi yao Novemba 2023 kwa sababu hiyo ya kuchelewa, bila hoja zenyewe za mazingira kuamuliwa.

Ukizitazama kesi hizi zote pamoja, utaona jambo linalojirudia: kushinda ni nusu ya safari. Waogiek na Waendorois wana hukumu mikononi, na hadi leo wanahangaika zitekelezwe. Na kusukuma utekelezaji nako kunahitaji pesa, miaka mingi baada ya kamera kuondoka.

Mombasa 2015: akaunti zilipofungwa

Hatari ya mjadala huu kwetu si ya kitabuni. Tarehe 2 Aprili 2015 magaidi walishambulia Chuo Kikuu cha Garissa na kuua watu 148. Siku chache baadaye Inspekta Jenerali wa Polisi alitoa orodha ya watu na taasisi zaidi ya 80 walioshukiwa kuhusika na ugaidi. Ndani ya orodha hiyo mlikuwa na MUHURI na Haki Africa, mashirika mawili ya Mombasa. Akaunti zao za benki zikafungwa.

Mashirika yote mawili yalikuwa yakiandika visa vya vijana na masheikh wa Pwani waliouawa au kutoweka baada ya kukamatwa. Kwa hivyo waliosimamishiwa kazi si wafanyakazi wa ofisi peke yao. Mama aliyekuwa akimtafuta mwanawe alikuta mlango umefungwa. Mashirika yalikwenda mahakamani, na Novemba 2015 Mahakama Kuu ya Mombasa iliamuru akaunti zifunguliwe. Ilichukua miezi saba.

Somo ninalolipata hapo ni hili: serikali ikitaka kulinyamazisha shirika, haina haja ya kumfunga mtu. Hugusa akaunti. Na pesa zikiwa zimetoka nje, ni rahisi umma kukubali kwamba lazima kuna jambo. Ndiyo maana mjadala wa pesa za nje hauwezi kuachiwa wanasiasa pekee.

Jaribio la asilimia 15, na sheria iliyopo sasa

Mwishoni mwa 2013, wakati kesi za The Hague dhidi ya viongozi wetu zikiendelea na mashirika ya kiraia yakisemwa kila upande, Bunge lililetewa pendekezo kwamba shirika lisipokee zaidi ya asilimia 15 ya pesa zake kutoka nje. Wabunge walilikataa Desemba mwaka huo. Wengi wao walijua kwamba kizuizi hicho kisingeyabana mashirika ya haki peke yake, bali pia yale yanayoleta dawa, visima na karo vijijini mwao.

Jirani zetu walikwisha kujaribu. Ethiopia ilitunga sheria 2009 kwamba shirika linalopata zaidi ya asilimia 10 ya pesa zake nje lisiguse kazi ya haki za binadamu. Mashirika mengi yaliacha kazi hiyo au yakapungua hadi kubaki jina. Sheria hiyo ilifutwa 2019. Uganda, Rais Museveni alisimamisha mwaka 2021 mfuko uliokuwa ukifadhiliwa na nchi za Ulaya kusaidia mashirika ya utawala bora na haki. Mbali zaidi, Urusi tangu 2012 imekuwa ikiyapachika mashirika jina la "wakala wa kigeni", na Juni 2022 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliamua kwamba sheria hiyo ilivunja uhuru wa kujumuika.

Sisi tuna Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma. Ilitiwa saini Januari 2013 na ikalazwa kabatini zaidi ya miaka kumi na moja, hadi ilipoanza kutumika Mei 2024, ikichukua nafasi ya ile ya 1990. Sheria hii haikatazi pesa za nje. Inachotaka ni usajili, vitabu vya hesabu, ripoti ya kila mwaka, na kwamba faida isigawanywe kwa wenye shirika. Pia inakataza shirika kuchangisha au kupiga kampeni kwa ajili ya chama cha siasa. Shirika likinyimwa usajili au kufutwa, lina mahali pa kukata rufaa. Mimi naona huo ndio mwendo sahihi: uwazi badala ya kizuizi.

Na pesa za upande wa pili?

Kuna jambo husahaulika barazani. Huko Lamu, mradi wa kituo cha umeme wa makaa ya mawe cha megawati 1,050 ulipopewa leseni ya mazingira mwaka 2016, ulikuwa ukitegemea mkopo mkubwa wa benki ya Uchina na wajenzi wa Kichina. Hakuna aliyewaita wenye mradi vibaraka. Wakazi kupitia Save Lamu walipokwenda kwenye Baraza la Kitaifa la Rufaa za Mazingira, wakisimamiwa na mawakili wa mashirika ya kutetea Katiba na mazingira, ndipo maneno ya "wanatumiwa na wageni" yalipopaa. Tarehe 26 Juni 2019 baraza hilo lilifuta leseni, likisema umma haukushirikishwa ipasavyo.

Vivyo hivyo bandari mpya ya Lamu. Wavuvi walifungua kesi 2012, na 2018 Mahakama Kuu ikaamua kwamba haki zao zilivunjwa na ikaamuru fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa wavuvi wapatao 4,600. Bandari ilijengwa na kampuni ya kigeni. Ikiwa mgeni anaruhusiwa kulipia kuchimbwa kwa bahari, sioni ni kwa mantiki gani asiruhusiwe kulipia nauli ya mvuvi kwenda kusikilizwa.

Lawama zenye ukweli ndani yake

Nimetetea, sasa niseme yanayoniudhi, kwa kuwa si kila lawama ni propaganda.

Kwanza, ajenda. Mfadhili akitangaza kwamba mwaka huu anatoa pesa za kupambana na misimamo mikali, utaona mashirika yaliyokuwa ya ardhi na ya maji yote yamegeuka ya misimamo mikali. Pwani kidonda chetu kikubwa ni ardhi. Lakini kesi ya ardhi huchukua miaka kumi na tano, na mradi wa mfadhili huchukua miwili. Kwa hivyo ardhi hungoja.

Pili, lugha. Shirika linaandika ripoti ya kurasa mia kwa Kiingereza kuhusu watu wa Kwale, na nakala ya Kiswahili haipo. Anayeisoma ni mfadhili. Anayeandikwa ndani yake hajui kilichoandikwa.

Tatu, kutoaminika kwa pesa zenyewe. Januari 2025 Rais Trump alisimamisha misaada ya Marekani kwa siku 90, na kufikia Julai mwaka huo USAID ilikuwa imefungwa. Mashirika duniani kote yaliamka asubuhi yakiwa hayana mishahara. Kesi haijui habari hizo. Tarehe ya kusikilizwa ikifika na wakili hayupo, mahakama hutupa kesi. Waswahili walisema zamani, mtegemea cha nduguye hufa maskini.

Nne, fidia. Kesi ikishindwa na serikali, mabilioni hutajwa magazetini. Nani ameandikwa kwenye orodha ya kulipwa? Wakili atachukua kiasi gani? Shirika lenyewe litabaki na fungu? Haya yakiachwa bila kuelezwa mapema, ushindi wa mahakamani hugeuka ugomvi wa mtaani, na jirani humshuku jirani.

Maswali ya kuuliza

Shirika likija mtaani kwako na kusema linataka kupeleka kesi kwa niaba yenu, usilikimbie wala usilifuate kama kondoo. Uliza haya:

1. Mmesajiliwa na nani, na ripoti yenu ya mwaka jana iko wapi?
2. Kazi hii inafadhiliwa na nani, na ufadhili unakwisha lini?
3. Pesa zikikatika kesi ikiwa katikati, wakili ataendelea?
4. Nani ana uamuzi wa mwisho kuhusu kukubali mapatano nje ya mahakama, ni sisi au ni nyinyi?
5. Fidia ikitoka, italipwa kupitia akaunti ya nani, na nani atakatwa nini?
6. Tukishindwa na kuamriwa kulipa gharama za upande wa pili, mzigo huo utaangukia nani?
7. Mtatuletea habari za kesi kwa Kiswahili, mara ngapi, na wapi?

Shirika la kweli halitakasirika. Nalo likigoma, Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa raia haki ya kupata habari, hata zilizo mikononi mwa asiye serikali, iwapo anazihitaji ili kulinda haki yake.

Tuanzie wapi

Kuna mfano mzuri uliozaliwa hapa hapa. Miaka ya nyuma MUHURI iliwafundisha wananchi wa Changamwe kukagua miradi ya CDF: kudai nyaraka za zabuni, kwenda kwenye jengo lenyewe, kuhesabu mabati na kulinganisha na kilichoandikwa, kisha kuita mkutano wa hadhara na kumwuliza mbunge mbele ya watu. Kazi hiyo ilisifiwa hadi nje ya nchi. Naona umefika wakati mbinu hiyo hiyo igeuziwe mashirika yenyewe. Mara moja kwa mwaka, shirika liite watu uwanjani, lisome kwa Kiswahili: tulipokea kiasi hiki, kutoka kwa fulani, tukatumia hivi, kesi zenu zimefika hapa.

Na sisi nasi tutoe. Twachanga kwa arusi, kwa maziko, kwa kumpeleka mgonjwa India. Vyama vya wavuvi, vyama vya wenye maduka, wenzetu walioko Ghuba na Ulaya, wote wana mazoea ya kutoa. Watu wetu walikwisha kujua zamani namna ya kutenga nyumba au shamba ili mapato yake yaendeshe msikiti, madrasa au kisima, bila kungoja mfadhili. Sioni kwa nini mapato ya duka moja yasitengwe kulipia wakili wa ardhi ya kijiji. Hayatatosha kulipia kesi ya miaka minane kama ile ya Owino Uhuru. Lakini yatatosha kulipa nauli ya mashahidi mfadhili akikatisha, na yatawapa wanakijiji kiti mezani pale wakili na shirika wanapoamua kesi iende wapi.

Hadi hapo, mtu akikuuliza barazani pesa ni za nani, mjibu kwa kinaga ubaga kama unajua. Kama hujui, nenda kawaulize wenyewe, mkiwa wengi, na muwe na daftari la kuandikia majibu.